Kwa nini Rufiji ina delta na Mto Kongo hauna? Uzi wa mabamba, mito na sura za pwani

Chelezo

Wakuu, salaam. Kila mjadala wa pwani zetu huishia kwenye jibu moja: "bahari inapanda." Inapanda, sikatai. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini meli kubwa zinaingia Mombasa hadi ndani kabisa, wakati Rufiji hata boti ya uvuvi inasubiri maji kujaa. Wala halielezi kwa nini Rufiji imetandaza matope na mikoko kwa kilomita kama 65 za pwani, ilhali Mto Kongo, wenye maji zaidi ya mara arobaini ya Rufiji, unaingia Atlantiki bila delta, yaani bila nchi ya tope ambayo mto huijenga mdomoni mwake.

Pwani hutengenezwa na mambo matatu yanayokwenda kwa kasi tofauti. Mabamba ya ganda la dunia hufanya kazi kwa mamilioni ya miaka. Usawa wa bahari hushuka na kupanda kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mto, mawimbi na mkondo hufanya kazi msimu kwa msimu. Mtu akichukua badiliko la misimu miwili akalipachika kwenye mabamba, au kinyume chake, amepotea tangu hatua ya kwanza.

Kuhusu mabamba: mwaka 1971 Douglas Inman na Carl Nordstrom walizigawa pwani za dunia kwa kuangalia zimekaa wapi kwenye bamba. Kuna pwani za mgongano, mfano Chile, ambako bamba la bahari linazama chini ya bara. Kuna pwani za mkia, yaani upande wa bara ulioachwa nyuma na mgongano. Hizi za mkia wakazigawa tena: changa kama za Bahari ya Shamu, za aina ya Amerika, na za aina ya Afrika. Amerika ya Kusini ina milima ya Andes upande wa magharibi tu, kwa hiyo karibu mito yote mikubwa inateremka mashariki na kumwaga mashapo (mchanga na tope) upande mmoja. Sisi pande zote mbili za bara ni mkia. Hakuna Andes ya kuelekeza maji. Mito yetu inazunguka kwenye nyanda za juu, inaporomoka kwenye maporomoko karibu na pwani, kisha inatoka inapopata mwanya. Ndiyo maana Afrika, kwa ukubwa wake, ina delta chache.

Nitarudi kwenye Kongo. Kwanza waliobobea kwenye miamba waseme.

Jabali

Mkuu, umeanza vizuri. Naongeza kipimo ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho: mwamba wa tumbawe wa zamani.

Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Matumbawe yakajenga miamba kila mahali penye maji ya joto. Bahari ikashuka, ile miamba ikabaki nchi kavu. Yale majabali ya mawe meupe yaliyochongoka chini ya Fort Jesus, na ya pwani nyingi za Kenya, Unguja na Tanzania Bara, sehemu kubwa ni ya kipindi hicho. Yako mita chache tu juu ya maji. Maana yake, tangu wakati huo ardhi yetu karibu haijapanda wala kuzama.

Sasa nenda rasi ya Huon, Papua New Guinea, ambako mabamba yanagongana. Mwamba wa umri uleule uko mamia ya mita juu ya bahari, na chini yake kuna ngazi za miamba michanga zaidi, kila ngazi ikiwa ni bahari ya zama zake. Umri ni mmoja, urefu tofauti. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya bamba.

Kwenye pwani za mgongano kazi hiyo haiendi polepole siku zote. Tarehe 27 Februari 2010, tetemeko la 8.8 huko Chile liliinua sehemu za rasi ya Arauco kwa zaidi ya mita moja na nusu kwa mpigo. Kombe na mwani vilivyokuwa majini vikajikuta juani. Kisiwa cha Nias, Indonesia, yalitokea hayohayo tarehe 28 Machi 2005: matumbawe yaliinuliwa yakafa wima. Pwani ya namna hiyo huwa na genge, yaani ukuta wa mwamba, linaloingia moja kwa moja kwenye maji marefu, mito mifupi yenye kasi, na changarawe badala ya tope. Delta haipati pa kukaa, kwa sababu sakafu ya kina kifupi ni nyembamba na kinachomwagwa kinateremka shimoni.

Ndago

Swali kwa Jabali. Kama ukingo wetu ni mtulivu hivyo, Pemba ilijitenga vipi? Mkondo wa Pemba una kina cha mita mia saba hadi mia nane. Hicho si kina cha pwani tulivu.

Jabali

Swali zuri, na hapo ndipo vitabu vya shule hurahisisha mno. "Tulivu" maana yake hakuna bamba linalozama chini ya jingine hapa, basi. Haina maana kwamba hakuna nyufa.

Mpangilio ni huu. Afrika Mashariki na Madagaska zilikuwa bara moja. Kupasuka kulianza zamani sana, na Madagaska ikateleza kuelekea kusini kuanzia miaka kama milioni 160 iliyopita, ikifuata ufa mkubwa ulioko leo chini ya bahari, ule uitwao Davie. Ukingo ukapoa, ukazama taratibu, mashapo yakajaa. Baadaye sana, katika mamilioni ya miaka ya karibuni, likaja vuguvugu la Bonde la Ufa, na baadhi ya nyufa zake ziko baharini. Mkondo wa Pemba ni bonde la nyufa: ardhi ya katikati imeshuka, Pemba imebaki juu upande wa pili.

Unguja na Mafia ni habari nyingine. Kati ya Unguja na Bara maji ni ya makumi ya mita tu. Miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa kama mita 120, mtu angetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Unguja. Pemba asingefika. Wanyama wanathibitisha: Unguja ilikuwa na chui kama Bara, ilhali Pemba ina popo wake mkubwa na bundi wake ambao hawapatikani kwingine.

Kwa hiyo ramani ya kina ndiyo ya kuanza nayo. Ukiona kisiwa, usiulize kiko umbali gani na Bara. Fuata njia yenye maji mafupi zaidi kati yake na Bara, uulize mahali penye kina kirefu kabisa kwenye njia hiyo ni mita ngapi. Kikiwa pungufu ya mita 120, kisiwa kimetengwa na maji yaliyopanda. Kikizidi sana hapo, tafuta ufa.

Nahodha wa Tudor

Hiyo mita 120 ndiyo ufunguo wa bandari zetu pia. Bahari iliposhuka, mito midogo ya hapa pwani haikuwa na pa kuishia ila chini zaidi. Ikakata mabonde ndani ya mwamba wa tumbawe na tabaka laini zilizo nyuma yake. Bahari iliporudi, ikafika karibu na usawa wa leo miaka kama 6,000 au 7,000 iliyopita, na mabonde yakajaa maji. Hori, yaani mikono ya bahari iliyoingia bara, za Kilifi, Mtwapa, Tudor, Kilindini hadi Port Reitz: zote ni mabonde yaliyozama. Bandari ya Dar es Salaam vilevile, na Lindi, na Mtwara. Ukiziangalia kwenye ramani zina umbo lilelile: mlango mwembamba uliokata mwamba mgumu, kisha zinapanuka nyuma ambako mawe ni laini, halafu zinagawanyika matawi kama mto ulivyogawanyika.

Na mwamba wa nje nao una mlango mbele ya kila hori. Matumbawe hayapendi maji matamu wala tope, kwa hiyo pale bonde lilipopita hapakujengeka. Meli hupita hapohapo. Maboya ya bandarini kimsingi yanafuata kingo za mto wa kale.

Lakini ona hili: kila mto uliingia kwenye bonde lililozama, hata Rufiji, hata Tana. Kwa nini basi Mombasa kuna hori na Kipini, mdomoni mwa Tana, kuna delta? Jibu ni mzigo wa mto. Mwache, Kombeni na wenzao wa Mombasa ni mito midogo, mingine hukauka. Miaka 6,000 haijawatosha kujaza bonde. Tana na Rufiji zilijaza ya kwao zamani, kisha zikaanza kumwaga nje. Hori na delta zilianza sawa. Tofauti ni nani alibeba udongo wa kutosha.

Na hori inaweza kujaa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kupitia Mwache hadi mikoko mingi ya huko ikafa, mizizi ya kupumulia ikiwa imefukiwa. Mlima ukilimwa bila makinga maji, bandari ndiyo inayolipa gharama ya kuchimba.

Chelezo

Nahodha ametengeneza njia, sasa Kongo.

Kwa wastani Kongo hutoa kama mita za ujazo 41,000 kwa sekunde. Ni wa pili duniani baada ya Amazon. Ila mzigo wake wa mashapo ni makumi ya mamilioni ya tani kwa mwaka, wakati Ganges na Brahmaputra kwa pamoja hubeba kama tani bilioni moja, kwa sababu zinachonga Himalaya, milima iliyoinuliwa na mgongano wa India na Asia na ambayo bado inainuka. Kongo inazunguka kwenye bonde la miamba mizee, tambarare, lenye msitu. Mchanga mwingi unatua njiani, kwenye mabwawa ya asili na visiwa, kabla ya Kinshasa. Baada ya hapo mto unaporomoka mita mia mbili na zaidi hadi Matadi, halafu bahari.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko chini ya maji. Mbele ya Kongo kuna korongo chini ya bahari, na halianzi mbali nje kama kwingine. Kichwa chake kimeingia ndani ya mlango wa mto, kiasi cha kilomita 30 kutoka baharini. Mchanga unaofika hapo hauna sakafu ya kutulia. Unadumbukia, unarundikana kwenye kingo za korongo, kisha siku moja unaporomoka kama mafuriko ya tope kuelekea kina cha kilomita kadhaa.

Januari 2020 yalitokea kwa ukubwa ambao haujawahi kupimwa kabla. Mwishoni mwa Desemba 2019 Kongo ilifurika vibaya. Wiki kama mbili baadaye, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu), tope likaporomoka, likakimbia zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari, na kasi ilikuwa inaongezeka kadiri linavyokwenda, kutoka mita 5 hadi 8 kwa sekunde. Likakata nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, SAT-3 na WACS, na intaneti ikawa taabu magharibi na kusini mwa Afrika. Delta ya Kongo ipo, wakuu. Iko chini kabisa, nje ya macho ya watu wa Muanda na Banana, miji ya pwani hiyo.

Ndago

Lakini Bangladesh nako kuna korongo mbele ya delta, tena kubwa. Mbona delta ipo?

Chelezo

Kichwa cha korongo lile kipo nje, makumi ya kilomita kutoka nchi kavu, na linachopewa ni sehemu tu ya mzigo. Kwa tani bilioni moja kwa mwaka, korongo linakula na delta inabaki na chake. Kongo mzigo ni mdogo na mdomo wa korongo uko ndani ya mto kabisa. Badilisha kimojawapo, na ramani ya DRC ingekuwa na pwani pana kuliko ile ya kilomita 40 hivi iliyonayo.

Mlilana

Acheni Atlantiki kidogo, turudi Rufiji.

Delta ikishapatikana, sura yake inaamuliwa na nani mwenye nguvu pale mdomoni. Mto ukizidi, delta inanyoosha vidole baharini kama Mississippi. Mawimbi yakizidi, yanapiga pasi mbele yake na kuacha ukanda laini wa mchanga, kama Nile. Kupwa na kujaa kukizidi, midomo inapanuka kama tarumbeta, na katikati kuna visiwa vya tope vilivyojipanga kuelekea baharini. Rufiji ni mchanganyiko wa mawili ya mwisho. Bamvua pale hufika karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa, na Mafia imekaa mbele ikizuia mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi. Pasipo Mafia tusingekuwa na mikoko kwa kiasi kile, hekta elfu hamsini na ushee.

Kina cha milango yake ni historia iliyoandikwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo kuanzia Septemba 1914. Iliingia kwa maji kujaa kupitia Simba Uranga, na meli kubwa za Waingereza zikashindwa kuifuata. Ilibidi waletwe Severn na Mersey, meli bapa zilizokuwa zikizama pungufu ya mita 2 majini, ndipo Julai 1915 ikamalizwa. Delta yenye kupwa na kujaa kukubwa huwa na kizingiti cha mchanga mdomoni, na ndani yake mikondo ina kina kuliko mlango. Ukitaka kupitisha chombo, kinachokubana ni kizingiti.

Ukiwa huna vifaa, soma miti, maana kila aina ya mikoko ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, kwenye tope linalofunikwa kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, kisha msinzi na mkandaa. Mchu hustahimili chumvi kali, utaukuta pembezoni mwa vyangwa vyeupe (nyanja tupu za chumvi) upande wa nchi kavu, na pia kwenye mchanga mpya. Msikundazi unataka maji yenye utamu. Ukiuona kwa wingi, kama ulivyo delta ya Tana karibu na Kipini, jua maji ya mto yanafika pale. (Majina hubadilika kijiji kwa kijiji, uliza wenyeji kabla ya kuandika.)

Miti ikifa ukanda mzima, angalia kinachokufa. Mlilana wa mbele unang'olewa na mizizi kuachwa wazi: pwani inaliwa. Mkoko unakauka wima huku mizizi imefukiwa: mchanga au tope jingi limeingia kwa ghafla. Msikundazi unakauka na mchu unachipua chini yake: chumvi inapanda mto.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji ilihamia matawi ya kaskazini. Huko maji yakawa matamu, watu wakafyeka mikoko wakalima mpunga. Kusini chumvi ikapanda. Hakuna bamba lililosogea, wala bahari haikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Mto ulibadili mlango tu.

Nahodha wa Tudor

Na Malindi mto unaongeza nchi. Sabaki inashusha udongo mwekundu kutoka nyanda za Athi na Tsavo. Wakati wa kusi (upepo wa msimu utokao kusini), mkondo na mawimbi vinausukuma kaskazini, kuelekea Mambrui na ghuba ya Ungwana, ambako kuna matuta ya mchanga marefu. Kaskazi ikishika, tope linageuka kusini na ghuba ya Malindi inakuwa nyekundu kabisa. Ufuko wa mji umepanuka mamia ya mita, hata majengo yaliyokuwa ukingoni mwa maji sasa yana uwanja mpana wa mchanga mbele yao. Wakati huohuo matumbawe ya hifadhi, kusini kidogo, yanapambana na tope. Anayelalamikia "bahari kurudi nyuma" pale aulize kwanza mvua za Machakos zilikuwaje.

Ndago

Basi Kunduchi na Pangani, ambako pwani inaliwa, nako ni mto?

Mlilana

Kwa kiasi kikubwa. Fukwe za kaskazini mwa Dar zinalishwa na vijito vidogo: Mbezi, Tegeta, Mpiji. Vijito hivyo ndivyo vilivyochimbwa mchanga wa ujenzi miaka na miaka. Mawimbi ya kusi yanaendelea kusogeza mchanga kaskazini kama kawaida yao, ila hakuna mpya unaoingia nyuma yake. Hoteli zikaliwa. Wenye viwanja wakajenga kuta fupi zinazoingia baharini: upande wa kusini wa ukuta mchanga unajaa, upande wa kaskazini unaliwa haraka zaidi, jirani naye anajenga wake. Tatizo linatembea pwani nzima.

Pangani ina mabwawa juu: Nyumba ya Mungu, Hale na mengine. Hapo nje kulikuwa na kisiwa cha mchanga cha Maziwe, chenye mivinje na kasa wanaotaga. Mivinje ilikatwa, mchanga ukakosa kishikio, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilibaki fungu linalofunikwa maji yakijaa. Sababu hapo ni zaidi ya moja, msinibane.

Mpima Ufuko

Nimesoma kimyakimya, ila naona mnahukumu bila vipimo. Njia ya Emery ya 1961 haihitaji mashine. Inataka watu wawili na mambo haya:

Fito mbili zilizonyooka za mita 1.5, zenye alama kila sentimita, sifuri ikiwa juu. Kamba isiyovutika ya mita 2, imefungwa kati yake. Chini ya kila ufito pigilia kipande cha ubao cha sentimita 10 kwa 10, la sivyo utazama kwenye mchanga mbichi na kila kipimo kitapotoka.

Anzia kwenye alama isiyosogea juu ya maji ya bamvua: kona ya msingi wa jengo imara, au nguzo ya zege iliyozikwa mita moja. Piga picha na andika mahali pake. Subiri maji yapwe kabisa siku ya bamvua. Ufito wa kwanza uko kwenye alama, wa pili mbele kuelekea baharini, kamba imekazwa. Aliye nyuma anashusha jicho hadi ncha ya ufito wa mbele ilingane na mstari wa upeo wa bahari. Mahali jicho lilipo kwenye ufito wa nyuma, soma kutoka juu: hizo sentimita ndizo mteremko wa hatua hiyo. Kama mbele ni juu zaidi, kwa mfano pana tuta, weka jicho kwenye ncha ya ufito wa nyuma, tazama upeo, na usome unakata wapi kwenye ufito wa mbele. Andika alama ya kujumlisha. Kisha ufito wa nyuma unahamia mahali pa ule wa mbele. Endelea hadi majini.

Makosa ya kawaida ni ufito kulala (tundika uzi wenye jiwe pembeni yake), upeo kufichwa na ukungu, na upeo kufichwa na kisiwa. Kunduchi mbele yako kuna Mbudya. Ukilenga mstari wa maji chini ya kisiwa badala ya upeo halisi, unapata mteremko wa uongo. Hapo acha upeo, tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule wa kupimia usawa.

Chora mistari miwili ya misimu tofauti kwenye karatasi ya miraba. Eneo kati yao ndilo mchanga uliopotea kwa kila mita ya ufuko. Tuseme ufuko umeshuka wastani wa sentimita 40 kwa upana wa mita 30: ni mita za ujazo 12. Kwa kilomita moja ni 12,000, yaani tipa 1,200 za mita za ujazo kumi kumi. Linganisha na tipa zinazotoka kijitoni kwa mwezi, ndipo uzungumze na halmashauri.

Jabali

Na picha za setilaiti?

Mpima Ufuko

Zinasaidia, lakini zina mtego. Ufuko wenye mteremko wa 1 kwa 30, na maji yanayopishana mita 3, mstari wa maji unahama mita 90 ndani ya saa sita. Picha ya 2005 ikiwa ya kujaa na ya 2020 ikiwa ya kupwa, utatangaza ufuko umekua mita 90. Usifuate mstari wa maji. Fuata ukingo wa majani au mguu wa ukuta, na linganisha picha za msimu mmoja, kwa sababu mchanga wa kusi na wa kaskazi hauko mahali pamoja.

Wa Sur

Salaam kutoka Oman. Huku mnaweza kuona aina mbili ndani ya nchi moja. Musandam, kaskazini, imesukumwa kuelekea chini pale Arabuni inapokutana na bamba la Asia. Mabonde ya milima yamezama, hori zimeingia kati ya majabali bila ufuko wala delta, maana mabonde ni makavu na hayana cha kujazia. Kati ya Quriyat na Sur ni kinyume: fukwe za kale zimepanda ngazi kwa ngazi, za juu mamia ya mita, na mabonde kama Wadi Shab yamezikata. Ng'ambo yetu, pwani ya Makran huko Pakistan na Iran, tetemeko la Novemba 1945 liliinua pwani ya Ormara kwa kama mita 2 na kuleta tsunami. Kwa hiyo anayesema hori zote ni kwa sababu bahari ilipanda, Musandam inamkatalia: huko ardhi nayo imeshuka.

Ndago

La mwisho. Bwawa la Julius Nyerere litaila Rufiji?

Mlilana

Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Limekaa chini ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo karibu mchanga wote wa juu unaishia humo. Tope laini hupita kiasi. Maji yanayotoka bila mzigo huanza kuchimba kitanda chake chini ya bwawa, na hilo linaipatia delta mchanga kwa muda, kwa hiyo miaka ya mwanzo inaweza kudanganya. Nile baada ya bwawa la Aswan iliumia kwanza kwenye rasi zilizo midomoni: Rosetta ilirudi nyuma zaidi ya mita 100 kwa mwaka katika miaka mibaya. Rufiji ina Mafia mbele, mikoko inayoshika tope, na mawimbi madogo, kwa hiyo sitarajii kasi hiyo. Natarajia chumvi kupanda kwanza, hasa kama mafuriko ya Machi na Aprili yatakatwa, kisha ndimi za mchanga kwenye midomo ya nje.

Mpima Ufuko

Basi mistari ya kupima iwekwe sasa, kabla ya athari. Angalau mitano: miwili kwenye midomo ya kaskazini, miwili ya kusini, mmoja mbali na mto wa kulinganishia. Upeo ukiwa umefichwa na Mafia, mpira wa maji. Pima bamvua za Machi na Septemba, maana ndizo kubwa za mwaka, na kila mara pima chumvi ya maji kwenye kina cha nusu mita na karibu na sakafu, kujaa na kupwa. Chumvi huingia kwa chini, kwa hiyo anayechota juu tu atasema maji bado matamu.